Glovu za bodaboda: zilianzia wapi, na umnunulie zipi baba watoto kiangazi hiki (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, chai ya maziwa iko mezani na nje hakuna mvua. Ukiwa mtu wa Tukuyu unajua "hakuna mvua" ni habari ya kutangaza. Sisi mvua yetu inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo miezi ya Agosti mpaka Oktoba vumbi likianza kutimka njia za vijijini, ndiyo tunasema kiangazi kimefika. Na kiangazi kikifika, kwenye chumba cha kusafishia vidonda naanza kuona viganja.

Juzi juzi aliletwa kijana wa bodaboda. Alikuwa anarudi njia ya Masoko baada ya kushusha abiria, akaingia kona yenye changarawe, pikipiki ikamtoka. Kichwa kizima, elementi alivaa. Miguu mizima. Lakini viganja vyote viwili ngozi imechunwa, mawe madogo madogo yamejipanga ndani ya nyama. Hayo hayatoki kwa kupuliza. Yanatolewa moja moja, kwa maji ya chumvi na kibano, na kijana mkubwa mwenye ndevu anauma kola ya koti asilie mbele ya mke wake.

Mke alikuwa pembeni, mtoto wa miezi minne mgongoni. Nilipomaliza kufunga bandeji akamfungua mtoto amkabidhi baba yake, yeye akachukue dawa dirishani. Kijana akanyoosha mikono, akaitazama ile mikono miwili myeupe kama ya bondia, akairudisha. Hakuweza kumshika.

Nikamuuliza, "Glovu huna?"

"Ninazo sista. Ziko chini ya siti. Jua lilikuwa kali."

Ndiyo maana leo sitaanza na barabara wala polisi. Nitaanza na glovu yenyewe ilikotoka, kwa sababu ina historia tamu, na mwanzoni kuna nesi.

Mwaka 1889, hospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore, Marekani, ilifungua milango. Kulikuwa na daktari wa upasuaji anaitwa William Halsted, na msimamizi wake wa chumba cha upasuaji alikuwa nesi Caroline Hampton. Enzi hizo kuua vijidudu mikononi walitumia dawa yenye zebaki. Kali kweli kweli. Mikono ya Caroline ikaanza kuwasha, ikapasuka, ikatoka ukurutu, kazi ikawa inamshinda. Halsted hakutaka kumpoteza. Akaagiza kampuni ya Goodyear itengeneze jozi mbili za glovu za mpira mwembamba, kwa majaribio. Zikamkaa vizuri. Mwaka 1890 wakaoana, nadhani mnacheka kama nilivyocheka mimi niliposoma habari hii. Lakini angalia jambo moja: hakuna aliyekuwa anafikiria kumkinga mgonjwa. Zilikuwa za kuokoa mikono ya nesi mmoja. Ilikuja kuwa mwanafunzi wa Halsted, Joseph Bloodgood, ndiye aliyeonyesha mwaka 1899 kwamba madaktari wote wakivaa glovu, vidonda vya wagonjwa vinaoza kidogo zaidi. Miaka karibu kumi ilipita kabla faida ile ya pili haijaonekana.

Nimewaletea hadithi hii kwa sababu kila mwaka Juni na Julai, baridi ikikaza, vijana wa kijiweni wananiomba: "Sista, tusaidie glovu za hospitali tuvae ndani." Wengine huvaa soksi mkononi. Kwa upepo na manyunyu zinasaidia kidogo, sikatai. Ila ile mipira yetu ni ya kuzuia damu na vijidudu. Kwenye lami au kokoto inachanika kabla hujamaliza kusema "mama". Glovu ya pikipiki ni kitu kingine kabisa.

Sasa pikipiki. Neno bodaboda, wengi mnajua, limetoka mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, kwenye miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda kulikuwa na kipande cha njia ya kutembea, vijana wakawa wanabeba watu na mizigo kwa baiskeli, kutoka boda hadi boda. Baadaye pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli. Huku kwetu nikiwa mdogo pikipiki ilikuwa ya bwana shamba, padri au mchungaji, na ukisikia mlio wake kijiji kizima mnajua nani anakuja. Kisha zikaja za Kichina na za Kihindi za bei nafuu, Toyo, SanLG, T-Better, Boxer, TVS, na mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji. Leo mama wa Mwakaleli akishikwa na uchungu saa nane usiku, wa kwanza kupigiwa simu ni kijana wa boda. Nimewapokea wengi mlangoni, mnajua wenyewe. Kazi ile imelea watoto wengi wa wilaya hii, na kazi ile yote iko kwenye viganja: klachi kushoto, mafuta na breki ya mbele kulia.

Lakini ulinzi ulianzia kichwani, na hiyo ni haki yake. Mei 1935 mwanajeshi na mwandishi maarufu wa Uingereza, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki akiwakwepa wavulana wawili wa baiskeli. Hakuvaa kofia. Akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakuliacha jambo lile lipite. Mwaka 1941 akachapisha utafiti juu ya vichwa vya waendesha pikipiki na faida ya kofia ngumu, na jeshi la Uingereza likalazimisha askari wake wavae. Raia wa kule walisubiri mpaka 1973. Sheria yetu ya Usalama Barabarani nayo ni ya 1973, na leo elementi ni lazima.

Mikono imesubiri zaidi. Mwaka 1981, Marekani, ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake, waliokwenda kuchunguza ajali zaidi ya 900 za pikipiki eneo la Los Angeles. Walisema wazi kwamba glovu, koti na buti nzito vinazuia au vinapunguza michubuko na mikato. Halafu kimya, kila mtu na lake. Ufaransa ndiyo ilikuja kuamua kwamba kuanzia tarehe 20 Novemba 2016, dereva na abiria wa pikipiki wote wavae glovu, vinginevyo faini. Na abiria pia! Huku trafiki akikusimamisha pale Kiwira atakuuliza leseni na elementi. Glovu atakuuliza mkeo.

Kwa nini mikono? Mtu akianguka hafikirii, mikono inatangulia kupokea. Hata mtoto wako anayejifunza kutembea anafanya hivyo, muangalie. Daktari Abraham Colles wa Dublin alieleza mwaka 1814 mvunjiko wa mfupa karibu na kifundo cha mkono unaotokana na kuanguka hivyo, miaka zaidi ya 80 kabla ya eksirei, kwa kupapasa tu na vidole vyake. Mvunjiko ule mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Niseme ukweli hapa: glovu haitazuia kila mfupa kuvunjika. Inachookoa hasa ni ngozi na nyama ya kiganja, vidole na vifundo vyake. Na ngozi ya kiganja ni ya pekee, ikichunika vibaya na kupona kwa kovu gumu, vidole vinaweza kukataa kunyooka. Kijana wa miaka 24 mwenye vidole vya kukunja hawezi klachi.

Haya, umepata hela ya kikoba, unataka kumnunulia. Tatizo la kwetu ni kwamba dereva mmoja anaishi hali ya hewa mbili. Asubuhi yuko Isyonje meno yanagongana, mchana amemshusha mteja Kyela, joto la ziwani linamtoa jasho mpaka kwenye nyusi. Ukimnunulia ile nene yenye manyoya ndani, ataivaa mpaka Ushirika, kisha itaingia chini ya siti. Na tumeona chini ya siti inasaidia nini. Kwa hiyo ya kiangazi lazima iwe nyingine, nyepesi, na ile nene ibaki ya Juni.

Ya kiangazi ipindue kwanza uangalie kiganja. Kiwe ngozi halisi, ya mbuzi ni nzuri kwa sababu ni laini na haichaniki ovyo, na pale chini ya kiganja, panapogusa ardhi kwanza, pawe na kiraka cha pili au kipande kigumu cha kuteleza. Mgongoni ndipo pa kuruhusu upepo: kitambaa cha nyavu au ngozi yenye vitundu, na kinga ngumu juu ya vifundo. Kinachofunika vizuri chini na kupumua juu, hicho ndicho kinachovaliwa. Zile za kuagiza zenye alama ya CE, tafuta namba EN 13594, ndicho kipimo cha Ulaya cha glovu za pikipiki, chenye daraja la 1 na la 2. Lakini alama inaweza kubandikwa na yeyote, kwa hiyo usiache kushika kwa mkono wako.

Zilizokatwa vidole, usinunue hata akikupunguzia. Zile za kufuma zenye mpira kiganjani, za mafundi ujenzi, zinazuia malengelenge, ila barabarani hazifiki mbali. Za kuchomelea vyuma ni ngumu, hasikii breki. Mitumba ya ngozi siku ya gulio mara nyingine unaokota dhahabu, lakini ikunje: ikipasuka mikunjoni au nyuzi zikikatika, irudishe.

Kisha mvalishe. Ndiyo, mvalishe wewe, afunge mkanda wa kifundoni, halafu ushike ncha za vidole uvute kwa nguvu kama unamvua mtoto soksi. Ikitoka, haifai, maana barabarani itatoka vilevile. Akae kwenye pikipiki ashike klachi na breki. Kama vidole vinabanwa akishika usukani, au ncha zimebaki tupu zinaning'inia, tafuta saizi nyingine. Muulize pia kama anaweza kupokea noti na kurudisha chenji bila kuvua. Hili wengi hawalifikirii, ila dereva akivua kwa abiria wa kwanza, hatavaa tena siku hiyo.

Jasho litalowesha, hilo halikwepeki. Jioni zigeuze, zianikwe kivulini penye upepo. Usiweke juu ya jiko kama tunavyoanika viatu vya shule, ngozi inakakamaa.

Na jambo moja la kinesi kabla sijaenda kuchota maji. Nyie mama mna kadi ya kliniki, sindano za pepopunda mlichomwa mkiwa wajawazito. Baba watoto wengi mara ya mwisho walichomwa wakiwa wachanga. Kidonda chenye udongo ndicho pepopunda inachokipenda. Akianguka, hata kama ni mchubuko tu, asipake majivu wala mafuta ya breki, mmwagie maji safi tele mumlete, tumchome sindano.

Yule kijana alirudi Ijumaa kubadilisha bandeji. Vidole vinakunjuka, namshukuru Mungu. Mke alikuwa na mfuko mweusi wa Rambo, akautoa mezani kwangu: "Sista, hizi ulisema tuvute?" Tukavuta, yeye upande mmoja mimi mwingine, mume anatutazama. Ya kulia ilikaa. Ya kushoto ilitoka yote, tukaona mkanda umeachia uzi. Fundi viatu wa pale stendi ameishona.

Sehemu ya 5 Jumapili, nikitoka zamu: kandambili na ekzosi.