Jinsi saruji ya mifupa inavyopimwa kabla ya kutiwa mwilini

Mgonjwa anapobadilishiwa nyonga iliyochakaa, mara nyingi daktari mpasuaji hukishikiza kiungo bandia kwa saruji maalumu ya mifupa. Mbinu hii ilienezwa na John Charnley, mpasuaji wa Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Saruji yenyewe ni plastiki ya akriliki: unga huchanganywa na kiowevu, na baada ya dakika chache mchanganyiko hushika ukawa mgumu. Licha ya jina lake, haigandi kwenye mfupa kama gundi. Hujaza tu mianya iliyopo kati ya mfupa na chuma.

Kasoro hiyo ndiyo iliyowafanya watafiti kuitia saruji vioo maalumu au madini ya kalsiamu na fosfeti, ili mfupa uweze kushikamana nayo. Lakini watajuaje kwamba itashikamana?

Mnamo 1990, Tadashi Kokubo wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, na wenzake walieleza matumizi ya maji yenye chumvi zinazokaribiana kwa viwango na zile za plasma ya damu ya binadamu. Kipande cha saruji huzamishwa humo katika joto la nyuzi 36.5, kwa siku kadhaa au wiki nne hivi. Kisha hutazamwa kwa darubini ya elektroni na kuchunguzwa kwa eksirei. Utando wa apataiti, madini yanayofanana na ya mfupa, ukijijenga juu yake, saruji huhesabiwa kuwa na uwezo wa kuungana na mfupa.

Kipimo hiki ni rahisi, na pengine ndiyo sababu kimependwa kupita kiasi. Mnamo 2009, Marc Bohner na Jacques Lemaître walikikosoa vikali. Aina moja ya kalsiamu fosfeti, ile iitwayo beta-TCP, hushikana na mfupa barabara ilhali katika maji hayo mara nyingi haioti utando wowote. Aidha, maji hayo hayana protini wala seli, vitu ambavyo mwilini haviepukiki.

Kwa hivyo seli nazo hupimwa. Saruji hulowekwa katika kiowevu cha kukuzia seli, kwa kawaida muda wa saa 24 katika nyuzi 37, kisha kiowevu hicho hupewa seli, mara nyingi za panya. Rangi ya manjano ikitiwa, seli zilizo hai huigeuza kuwa zambarau. Zikisalia hai chini ya asilimia 70 zikilinganishwa na zile ambazo hazikuguswa, saruji hushukiwa kuwa na sumu. Mshukiwa mkuu katika akriliki huwa ni masalio ya kile kiowevu cha mwanzo ambacho hakikushika. Ndiyo maana ripoti isiyotaja saruji iliachwa ikauke kwa muda gani haina thamani kubwa.

Hata ikifaulu hapo, bado kuna majaribio kwa wanyama, na suala la nguvu. Kanuni za kimataifa zinataka saruji ya akriliki iliyoshika ihimili mgandamizo wa angalau megapaskali 70, na kioo kikizidi humo huweza kuidhoofisha.