Herufi za Ehrhardt na Haki ya Miklós Kis

Wapo hata leo watu wa matbaa ambao, ukiwaonyesha ukurasa uliopangwa kwa herufi nyembamba zenye vijiguu, zilizosimama wima na kusogeleana pasi na kugusana, watakujibu bila kusita kwamba asili yake ni Anton Janson, Mholanzi aliyekuwa akisubu herufi mjini Leipzig na kufariki mwaka 1687. Na dai hilo, lililonakiliwa daftari hata daftari, ndilo lililonishikisha kalamu.

Kumjua mchongaji wake wa kweli, twende Amsterdam, alikofika mwaka 1680 Miklós Kis, mwalimu wa Kikalvini kutoka Transylvania, kwa nia ya kusimamia uchapaji wa Biblia ya Kihungari. Huko alijifunza kwa Dirk Voskens kuchonga herufi kwenye ncha ya chuma cha pua, ambacho hupigwa nyundo juu ya shaba kikaacha kalibu, nayo kalibu ikamiminiwa risasi iliyoyeyuka. Akabobea hata akachonga herufi za Kijojia, na kwa ujira wa mkono wake akaigharimia mwenyewe Biblia yake, iliyotoka mwaka 1685.

Ichukue "n" yake uiweke chini ya kioo cha kukuzia: nguzo mbili nene zimekaribiana, upinde unaoziunganisha ni mwembamba kama unywele, na kiwiliwili ni kirefu kuliko desturi, hivyo mstari hubeba maneno mengi na jicho lisitaabike. Fournier, mchonga herufi wa Paris katika karne ya 18, aliuita mtindo huo ladha ya Kiholanzi. Wasemao kuwa ni ubahili wa karatasi tu siwasikilizi, kwani Kis alitaka Biblia ambayo maskini ataweza kuinunua na kuichukua mkononi, na ubahili wa namna hiyo ni sadaka.

Mwaka 1689 akaanza safari ya kurudi kwao, na kalibu zake zikabaki Leipzig, zikauzwa na karakana ya Ehrhardt, zikapita katika karakana ya Drugulin, hata mwaka 1919 zikaangukia karakana ya Stempel, ambako ziliitwa Janson. Watu wa kampuni ya Monotype nao, walipozichonga upya mwaka 1937 na 1938, wakazibana zaidi na kuzipa jina la mwenye karakana. Ndizo zinazosomwa katika vitabu vya Oxford World's Classics. Haki ilisubiri mpaka mwaka 1954, watafiti Harry Carter na George Buday walipozilinganisha na karatasi ya sampuli yenye jina la Kis mwenyewe.

Naye Kis, aliyefungua matbaa mjini Kolozsvár, aliandamwa na lawama za wakubwa wa kanisa lake. Mwaka 1698 akachapa kitabu kizima cha kujitetea, akafa mwaka 1702. Wauzaji wa herufi wangali wakiandika Janson.