Usajili na ukaguzi wa walezi wa watoto Uingereza

Nchini Uingereza, anayelea watoto wa wenzake kwa malipo hutakiwa na sheria kujisajili na kukubali kukaguliwa. Katika England msimamizi ni Ofsted, idara ya serikali inayokagua pia shule. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina mamlaka zao.

Chanzo cha utaratibu huu ni vifo. Katika karne ya 19, mama aliyezaa nje ya ndoa na kulazimika kurudi kazini aliweza kumkabidhi mwanawe kwa mwanamke aliyejitangaza gazetini. Mara nyingi alilipa kwa mkupuo, na tangu siku hiyo kila kikombe cha maziwa kilipunguza faida ya mlezi. Mlezi wa aina hiyo, Margaret Waters, alinyongwa London mwaka 1870 kwa mauaji. Sheria ya 1872 iliyofuata ilimtaka ajisajili mtu anayelea kwa malipo zaidi ya mtoto mmoja wa chini ya mwaka mmoja, kwa muda unaozidi saa 24. Aliyepokea mmoja mmoja hakuguswa, na pengo hilo liligharimu maisha. Mwaka 1896 maiti za vichanga ziliopolewa katika mto Thames, mjini Reading, na mlezi wao, Amelia Dyer, akanyongwa. Sheria ilikazwa 1897. Mwaka 1908 ndipo ilipomfikia mlezi wa mtoto mmoja.

Ulezi wa mchana ulipata sheria yake mwaka 1948, chini ya mamlaka za afya za halmashauri za kaunti na miji. Mwaka 2001 Ofsted ilichukua kazi hiyo kutoka kwa halmashauri.

Msingi wa leo ni Sheria ya Malezi ya Watoto ya 2006. Kwa jumla, anayelea nyumbani kwake mtoto wa chini ya miaka 8, kwa malipo na kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, lazima asajiliwe. Wanaosamehewa ni bibi, babu, shangazi, mama mdogo, mjomba, kaka na dada, wa damu au wa ndoa. Binamu hayumo, wala jirani anayeitwa shangazi kwa heshima tu. Familia za Waswahili walioko huko zisilipuuze hilo. Mwaka 2009 askari polisi wawili wanawake waliopokezana kulea watoto wao waliambiwa wanavunja sheria, kwa kuwa fadhila ile ilihesabiwa kuwa malipo. Watu walighadhibika, na serikali ikaruhusu marafiki kusaidiana hivyo.

Mwombaji huchunguzwa rekodi ya jinai pamoja na watu wazima wa nyumba yake, na hujifunza huduma ya kwanza kwa watoto. Katika vituo vya malezi, mfanyakazi mmoja hulea hadi watoto 3 wa chini ya miaka 2. Kwa wa miaka 2 walikuwa 4, hadi Septemba 2023 serikali iliporuhusu 5 ili kupunguza gharama. Wazazi wengi walipinga, na walikuwa na haki: mikono ya mlezi haikuongezeka.

Ukaguzi wa kawaida hutanguliwa na simu, bali malalamiko mazito huweza kumleta mkaguzi bila taarifa. Ripoti hutangazwa. Ofsted ikiona mtoto yumo hatarini, inaweza kusimamisha usajili kwa wiki 6 uchunguzi ukiendelea, na mlezi ana haki ya kukata rufaa mbele ya baraza huru.