Ngoma za Wakulima na Muziki wa Béla Bartók

Walimu wanaofundisha watoto kuimba huenda wamepata kulisikia jina la Béla Bartók, fundi wa kutunga muziki wa Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1881 akafa New York mwaka 1945. Twapenda kueleza jinsi alivyozitia ngoma za wakulima katika muziki wa chumbani, yaani muziki wa wapigaji wachache, wawili au watatu au wanne, kila mmoja na sauti yake, wala hapana mtu wa kuwaongoza kwa fimbo.

Siku zile watu wa mjini walidhani ya kuwa nyimbo zilizopigwa mikahawani ndizo nyimbo halisi za Hungaria. Mkulima hakuulizwa. Mwaka 1904 Bartók alimsikia yaya mmoja wa Transylvania akiimba, akatambua ya kuwa wimbo ule ni wa namna nyingine kabisa. Tangu mwaka 1906 yeye na mwenzake Zoltán Kodály walikwenda vijijini na fonografu, mashine ya kunasa sauti katika nta. Tena Bartók hakuwaendea Wahungaria peke yao, bali Waslovaki na Waromania pia.

Mwaka 1915 alitengeneza ngoma za Waromania kwa piano, na mwaka 1925 Zoltán Székely akazigeuza kwa fidla na piano. Ya kwanza ni ngoma ya fimbo. Ya tatu huchezwa mahali pamoja, na mpigaji hugusa uzi kwa wepesi hata fidla itoe sauti nyembamba kama filimbi. Ya tano huenda mara mapigo mawili, mara matatu, na asiyeizoea hujikwaa. Bartók hakuinyosha.

Lakini baada ya vita Transylvania ilikuwa imetwaliwa na Romania, na watu wa Hungaria walikuwa na uchungu mwingi. Mwaka 1920 Bartók alipotoa makala juu ya nyimbo za Waromania wa Hunyad, alishutumiwa magazetini ya kuwa hapendi nchi yake. Hata hivyo mwaka 1923 alitoa kitabu kizima cha nyimbo za Waromania wa Maramureş.

Kunakili ngoma ni jambo moja. Kutunga mpya kwa mwendo ule ule ni kazi ngumu zaidi, na hapo ndipo tuonapo ustadi wake. Katika utungo wake wa tano wa fidla mbili, viola na cello, wa mwaka 1934, sehemu ya tatu hufuata mwendo wa Kibulgaria. Mapigo ni tisa, lakini hayaendi tatu tatu: huenda nne, kisha mbili, kisha tatu. Mwalimu na ajaribu kwa makofi pamoja na darasa lake, ataona miguu inavyotaka kuchechemea.

Mwaka 1938 alitunga *Contrasts* kwa fidla, klarineti na piano, kwa ajili ya Joseph Szigeti na Benny Goodman, mpigaji wa jazi wa Marekani. Sehemu ya kwanza yatokana na ngoma iliyochezwa zamani ili kuwavuta vijana waandikwe uaskari. Ya mwisho ni ngoma ya mbio, nayo huanza kwa fidla ambayo uzi wake mmoja umekazwa na mwingine umelegezwa, hata sauti ikakwaruza kama ya mpigaji wa kijijini. Kisha mpigaji huiweka chini, akatwaa fidla nyingine iliyo sawa, na ngoma ikaendelea.