Majirani wa Azhar

Katika lango kuu la Msikiti wa Azhar mjini Kairo, lile lililojengwa na Abdul-Rahman Katkhuda katikati ya karne ya 18, walikuwa wakiketi vinyozi, na kwa ajili yao lango likaitwa Bab al-Muzayyinin, yaani Mlango wa Vinyozi. Na mtu aliyetoka mbali kuja kutafuta elimu, ambaye vumbi la safari lingali kichwani mwake na kibindo chake kimekwisha kulegea, aliweza kunyolewa hapo kabla hajavua viatu akaingia ndani. Akishaingia, habari yake ya kwanza iliyotakiwa kujulikana ilikuwa ni nchi atokayo, maana nchi hiyo ndiyo iliyoamua atalala wapi, atakula mkate wa nani, na atakuwa chini ya sheikh gani. Wengi walioandika tarehe ya Azhar wameanza na wanazuoni wake na vitabu vyao, nao hawakukosea; lakini mimi naona kwamba mwanafunzi mgeni, kabla hajaujua mlango wa kwanza wa nahau, hana budi kujua mahali pa kutandika mkeka wake.

Msikiti wenyewe ulimalizika mwaka 972, na kabla karne ile haijesha Khalifa Al-Aziz wa Kifatimiya aliwawekea mafakihi 35 posho na nyumba ubavuni mwa msikiti, ikawa tangu zamani zile darsa na malazi ni mambo yaendayo pamoja. Baadaye, katika enzi za Mamaluki na za Waturuki wa Kiothmani, zilistawi zile riwaki ambazo ndizo makusudi ya makala haya. Riwaki asili yake ni ukumbi wenye nguzo. Lakini hapo Azhar neno hilo lilichukua maana ya watu kabla ya maana ya jengo, kwani palikuwa na riwaki ya watu wa Sham, na ya Wamaghribi, na ya Waturuki, na ya Wayemeni, na ya Wajava waliovuka bahari nzima, na ya Wasennar, na ya Watakruri waliokuja kutoka upande wa machweo wa nchi ya watu weusi. Na Wamisri wenyewe nao walikuwa na zao, kwa maana mtu wa Saidi, huko juu ya mto Nili, alikuwa mgeni Kairo karibu sawa na mtu wa Halab ya Sham. Kila riwaki ilikuwa na sheikh wake, na makabati ya wanafunzi kuwekea vitu vyao, na vitabu vyake vya kusomea.

Katika riwaki hizo moja yatuhusu zaidi sisi watu wa pwani ya mashariki ya Afrika, nayo ni riwaki ya Jabarti, iliyokuwa ya Waislamu wa Uhabeshi na wa nchi zilizo nyuma ya bandari ya Zeila. Mnamo mwanzo wa karne ya kumi ya Hijra alifika Kairo mtu mmoja wa huko, naye kwanza alipitia Zeila, akavuka hata Jeddah, akakaa Makka na Madina, kisha akaishia katika riwaki hii, akawa sheikh wake. Na usheikh huo ukabaki mikononi mwa kizazi chake, mpaka ukamfikia Hasan al-Jabarti, bingwa wa hesabu na falaki, aliyefariki mwaka 1774, baba wa yule Abdul-Rahman al-Jabarti ambaye pasipo kitabu chake tungalijua machache mno ya Misri ya wakati wake. Angalia basi: ukoo umekaa Misri karne mbili na nusu, umeoa humo, umezika humo, umetajirika humo, na ungali unaitwa kwa nchi ambayo huenda hapana mmoja wao tena aliyeikumbuka sura yake. Riwaki ilimpokea mgeni kwa mikono miwili, lakini haikumsahaulisha utokako ukoo wake, wala mji haukusahau.

Mwanafunzi aliyekaa hapo aliitwa mujawiri, na jina hili lataka tulitazame, maana mzizi wake ndio mzizi wa neno letu jirani, ambalo kwa Waarabu ni la wengi na sisi tumelitwaa kwa mmoja. Mujawiri ni mwenye kujifanya jirani: aliuhama mji wake akaja akawa jirani wa msikiti, na kwa ujirani huo akapata haki ya kudai mkate.

Mkate wenyewe ulitoka katika wakfu, na hapa pana jambo la ajabu ambalo Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Kairo na kuandika desturi za wenyeji katika kitabu chake cha mwaka 1836, amelieleza vizuri. Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri wakati huo, alipozitwaa ardhi za kulimwa zilizokuwa mali ya misikiti, Azhar ilipoteza sehemu kubwa ya pato lake; lakini mkate wa wageni aghalabu ulitokana na kodi za nyumba walizowekewa wakfu, na nyumba Pasha hakuzigusa, hata ikawa mgeni wa Sham au wa Maghribi yuapata posho yake, ilhali kijana wa Kairo na viunga vyake huingoja Ramadhani. Na wale ambao posho haikuwatosha walinakili vitabu kwa ujira, au walikwenda kusoma Kurani majumbani na makaburini, kazi ambazo mwanafunzi yeyote maskini wa leo atazitambua kwa majina mengine.

Ujirani huo ulikuwa na gharama yake. Mwaka 1800, Wafaransa walipokuwa wameishika Kairo, kijana wa Halab aitwaye Sulaiman, aliyepata kusoma Azhar hapo kabla, alirudi akalala msikitini kati ya watu wa Sham, na tarehe 14 Juni akamchoma kisu jemadari Kléber akamwua. Wenzake wanne, watu wa Gaza, aliwaambia nia yake. Walimkataza, lakini hawakumshtaki. Mmoja akakimbia, na watatu wakakatwa vichwa mbele ya Sulaiman kabla ya zamu yake. Al-Jabarti asimulia jinsi msikiti ulivyopekuliwa, wanafunzi wakahamisha vitabu na matandiko yao, na ikaamriwa kwamba mgeni yeyote asilale tena humo; kisha milango ikafungwa mpaka Wafaransa walipoondoka. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1896, maradhi ya kipindupindu yakiwa mjini, mwanafunzi mmoja wa riwaki ileile ya Sham aliugua, na watu wa serikali walipokuja kumchukua wenzake walikataa kumtoa, wakawapiga mawe, na polisi wakafyatua risasi ndani ya msikiti. Waliokuja kumchukua walikuwa na hoja, kwani kipindupindu hakina udugu. Lakini walidai kijana mgonjwa atolewe mikononi mwa watu pekee waliokuwa jamaa zake katika mji ule.

Wala si kila mtu aliyepata bahati ya riwaki. Mwandishi Taha Hussein, aliyefika kutoka Saidi mwaka 1902, mvulana kipofu, alipanga chumba na kaka yake karibu na msikiti, naye katika kumbukumbu zake ameandika habari za jioni zile ambazo kaka alikwenda kwa rafiki zake kunywa chai na kuzungumza, yeye akabaki peke yake akisikiliza sauti za giza.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Misri ilianza kuwajengea wanafunzi wa kigeni mji wao huko Abbasiya, wenye mabweni na vitanda, na riwaki zikabaki mahali pa darsa na pa kutazamwa na wageni wenye kamera. Leo mwanafunzi wa kigeni wa Azhar haitwi tena mujawiri. Huitwa wafidi, maana yake mwenye kuwasili, na jina hilo hakai nalo siku ya kwanza tu. Huwa nalo hata mwaka wake wa mwisho, akiwa amekwisha kujua kila kichochoro cha Kairo na bei ya mkate katika kila kimoja.