Chokoleti za sikukuu zimebaki? Usizitupe, oka keki

Sikukuu imeisha, lakini kwenye kabati bado kuna chokoleti, na nyingine zimeshaota weupe. Wengi huzitupa wakidhani ni ukungu. Mara nyingi siyo. Ni mafuta ya kakao: joto huyayeyusha, yanapanda juu, kisha yanaganda tena. Zinaoka vizuri tu. Weupe wenye manyoya au harufu mbaya ndio wa kutupa.

Chukua gramu 200 za chokoleti na gramu 100 za siagi, yeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Angalia sana hapa: tone moja la maji likiingia, chokoleti inashikana na kuwa chengachenga. Ikipoa kidogo, changanya na mayai 3, sukari nusu kikombe na unga wa ngano robo tatu ya kikombe. Chokoleti ya maziwa? Punguza sukari.

Oka dakika 25 kwa nyuzi 180. Huna oveni? Palia makaa juu ya mfuniko, chini yaache machache, maana chokoleti huungua haraka.

Mbwa asipewe hata makombo. Kwake chokoleti ni sumu.