Uhandisi au Biashara: Nani Humchagulia Mtoto wa Magole?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali lile lile huletwa kwangu na wazazi pamoja na vijana wao: asome uhandisi au biashara? Huulizwa kana kwamba ni jambo la kipaji na mapenzi ya kijana peke yake. Mimi naliona kuwa ni swali la historia ya dola yetu, na napenda tulitazame kutokea Magole, wilayani Kilosa, kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, mahali ambapo fani hizo mbili hazijawahi kutengana.

Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika, maji yakaingia Magole na Dumila, na barabara hiyo ikakatika. Malori yakapanga foleni pande zote mbili, na mazao mabichi yakasubiri juani. Miaka minne kabla ya hapo, Mto Mkondoa ulikuwa umesomba tuta la reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Katika wilaya hii hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba kalvati likiziba, duka linafungwa.

Lakini ni nani aliyeandaliwa kujenga kalvati, na nani kuendesha duka? Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba Waingereza walituachia wahandisi wawili tu na madaktari 12. Chuo chetu Kikuu kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kilianza na sheria. Kuanzia 1963 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kazi zikagawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Kijana wa Kilosa aliyetaka kujenga madaraja ya kwao ilimbidi avuke mpaka. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilianza 1973 tu, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi.

Mpango wa miaka mitano wa 1964 ulilenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi za juu ifikapo 1980. Kutokana na lengo hilo serikali ilikadiria mahitaji ya nguvukazi, ikagawa nafasi za masomo kwa kufuata makadirio hayo, ikamlipia mwanafunzi na kumfunga kwa sharti la kuitumikia kwa miaka mitano. Mwanafunzi hakuchagua sana, alipangiwa. Wapo wanaoikumbuka enzi hiyo kwa utamu mtupu, nami siafikiani nao. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, mamia yao walirudishwa makwao. Mkataba ulikuwa na meno. Hata hivyo ulikuwa mkataba wa pande mbili: aliyekuchagulia fani ndiye aliyekutafutia mahali pa kujifunza kazi. Mwanafunzi wa uhandisi alikwenda katika mafunzo kwa vitendo kwenye karakana na viwanda vya umma, na alipohitimu alikuta meza, mkuu wa kumwelekeza, na fundi mchundo mzee ambaye angemfundisha yale yasiyomo vitabuni.

Biashara ilikuwa na safari nyingine, tena ya aibu kidogo. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwapo tangu 1965, lakini baada ya Azimio la Arusha la 1967 neno "mfanyabiashara" lilianza kunuka. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili yale ya ushirika na ya vijiji yashike nafasi. Katika hali hiyo, Kitivo cha Biashara na Uongozi kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1979, hakikufunguliwa kwa ajili ya mwenye duka wa Magole. Kilifunguliwa kwa ajili ya wahasibu na mameneja wa mashirika ya umma. Mwaka 1983 ukafuata msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Sokoine, ambaye Aprili 1984 alifariki katika ajali kwenye barabara hii hii, pale Dakawa, akitokea Dodoma. Tumekuwa tukifundisha biashara kama ukarani wa dola kwa muda mrefu, na sishangai kwamba wahitimu wetu wengi bado wanaielewa hivyo: shahada ya biashara ni barua ya kuombea ajira ofisini.

Kisha dola ikajitoa. Masharti ya marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980, ubinafsishaji wa miaka ya 1990, karakana zikafungwa, mashirika yakauzwa au yakafa. Tukaambiwa kijana sasa yuko huru kuchagua. Je, ni kweli? Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004 ina vipaumbele vyake, na uhandisi umo ndani yake kuliko biashara. Ufadhili wa Samia ulioanza 2022 unawalenga waliofaulu vizuri zaidi katika sayansi. Kwa mtoto wa mkulima, mkopo ndio uchaguzi. Dola imebaki na nusu ya mkataba wa zamani, ile ya kuelekeza fani, na nusu ya pili, ya kumpatia kijana mahali pa kuiva, imeiachia familia.

Na hiyo nusu ya pili ndiyo yenye uzito. Shahada peke yake haimfanyi mtu mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inadai miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi. Uhasibu nao una mitihani ya NBAA na miaka ya uzoefu kabla ya jina kuongezewa CPA. Bodi ya Wahandisi ilianzisha mpango wa uanagenzi kwa wahitimu mwaka 2003, na ni jambo jema, ila nafasi hazitoshi kwa idadi ya wanaohitimu sasa. Mwenye mjomba katika kampuni ya ujenzi hupata nafasi. Anayetoka Magole husambaza barua.

Reli ya kisasa imepita Kilosa, imetoboa milima kwa mahandaki, na tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma. Mradi mkubwa kama huo ungeweza kuwa karakana ya wilaya nzima, kwa wanafunzi wa umeme na ujenzi, na hata kwa wale wa ugavi na uhasibu. Ndugu zangu mlioko wizarani na halmashauri, mikataba mnaiandika ninyi: idadi ya wanagenzi inaweza kuandikwa humo, kwa majina ya fani na kwa miezi.

Kwa kijana, mimi sijibu swali lake mara moja. Humwomba kwanza akaulize chuoni kila kozi inapeleka wanafunzi wapi likizo ya mwaka wa pili, nani anawasimamia huko, na nauli analipa nani. Wengine hurudi na jibu lililo kinyume na fani waliyokuja nayo.